Picha Hazikupotea: Mazungumzo Juu ya Hitilafu za Majina na Njia za Picha Programu Inapohamishwa Kutoka Mfumo Mmoja wa Kompyuta Kwenda Mwengine



Mazungumzo haya yanahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa mwanzo ni la mafundi peke yao, lakini athari yake humfikia mwananchi wa kawaida aliyesimama mbele ya dirisha la afisi akisubiri kuhudumiwa. Jambo lenyewe ni kutoonekana kwa picha katika programu za wavuti baada ya programu hizo kutolewa katika kompyuta yenye mfumo endeshi mmoja na kupelekwa katika kompyuta yenye mfumo endeshi mwengine. Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoisimamia kompyuta na kuziwezesha programu nyengine zote kufanya kazi. Kompyuta za mezani maafisini aghlabu hutumia Windows, ilhali seva, yaani zile kompyuta zinazohifadhi programu za wavuti na kuwahudumia wote wanaozifungua, mara nyingi hutumia Linux. Programu huzaliwa upande mmoja na kuishi upande wa pili, na hitilafu nyingi hutokea katika uhamisho huo.

Uchukuliwe mfano wa afisi inayoweka daftari la vyombo vya uvuvi. Kila chombo kina namba yake, jina la mwenyewe, diko lake, na picha mbili: ya mwenye chombo na ya chombo chenyewe. Programu ya daftari hilo imetengenezwa katika kompyuta ya mezani yenye Windows, imejaribiwa kwa miezi kadhaa, na picha zote zinaonekana bila ya taabu. Ijumaa jioni inahamishiwa katika seva ya Linux. Jumatatu asubuhi maandishi yote yapo, majina yapo, namba zipo, lakini pahala pa picha pana kialama kidogo cha picha iliyokatika. Karani, kwa nia njema kabisa, anamwambia mwenye ngalawa kuwa picha yake imepotea na kwamba alete nyengine ndipo leseni yake ihuishwe. Mwenye ngalawa amevuka bahari kuja afisini, na ngalawa yenyewe iko dago na vijana wake. Kupiga picha mpya ni kulipa nauli mara mbili na kuikosa bahari kwa siku kadhaa.

Ukweli wa kadhia hiyo ni kwamba hakuna picha hata moja iliyopotea. Zote zimo ndani ya seva, salama, kila moja na ukubwa wake ule ule. Kilichovunjika ni uhusiano baina ya jina lililoandikwa katika programu na jina alilopewa faili. Programu inamwita mtu kwa jina ambalo yeye hajijui nalo, naye haitiki.

Sababu iliyo kubwa kuliko zote ni herufi kubwa na herufi ndogo. Waliopitia chuoni kabla ya kuingia skuli wanafahamu kuwa herufi za Kiarabu hazina kubwa wala ndogo. Umbo la herufi hubadilika kwa kuunganishwa na jirani yake, lakini ba hubaki ba, ikiwa imeanza jina la mtu au ikiwa katikati ya neno. Windows huyachukulia majina ya mafaili kwa namna inayokaribiana na hiyo. Huihifadhi herufi kubwa kama ilivyoandikwa, ila inapotafuta faili haibagui, ukiomba ngalawa-014.jpg itakupa Ngalawa-014.JPG bila ya kuuliza. Linux haifanyi hivyo. Kwake yeye N kubwa na n ndogo ni herufi mbili mbalimbali kama zilivyo a na b, na faili lililoitwa Ngalawa-014.JPG si lile lililoitwa ngalawa-014.jpg. Kompyuta za Mac, kwa mpangilio wake wa kawaida, zinafuata mwendo wa Windows katika jambo hili. Kwa hivyo fundi anayetumia Mac asidhani kuwa amesalimika.

Wingi wa makosa hayo hauko katika jina lenyewe bali katika mkia wake, zile herufi tatu au nne baada ya nukta zinazoonesha aina ya faili. Kamera za dijitali kwa desturi hutoa picha zenye mikia ya herufi kubwa, mfano IMG_0014.JPG, na fundi anapoandika programu huandika .jpg kwa herufi ndogo kwa kuwa ndivyo mkono wake ulivyozoea. Katika kompyuta yake ya Windows jambo hilo halitadhihirika hata akilitazama kwa mwaka mzima, kwa sababu mfumo unamsamehe kila siku bila ya kumwambia kuwa umemsamehe. Katika seva ya Linux msamaha huo haupo, na picha mia tatu hukosekana kwa pamoja.

Ipo sababu ya pili inayohusu alama inayotenganisha majina ya folda. Linux hutumia mkwaju unaoegemea mbele, /, na Windows hutumia mkwaju unaoegemea nyuma, \. Asili ya tofauti hii ni ya kihistoria. Mfumo wa Unix, ambao Linux imefuata mwendo wake, ulianza mwaka 1969 katika maabara ya Bell nchini Marekani, na mkwaju wa mbele ndio ulioenea kwao. Mfumo wa MS-DOS, uliomtangulia Windows, ulitoka mwaka 1981 bila ya kuwa na folda ndani ya folda. Folda hizo zilipoingizwa katika toleo la 2.0 mwaka 1983, mkwaju wa mbele ulikuwa umeshashughulishwa na kazi nyengine ya kuambatanisha vipengele vya amri, ndipo ukachukuliwa ule wa nyuma. Wavuti ulipokuja kuanzishwa na Tim Berners-Lee katika taasisi ya CERN huko Uswisi, anuani zake zilifuata mkwaju wa Unix. Uamuzi huo wa mwaka 1983, uliofanywa kwa dharura ya siku ile, mpaka leo unawashughulisha makarani wa daftari la ngalawa.

Hitilafu ya mkwaju ina tabia moja ya kuhadaa ambayo inafaa kuelezwa kwa urefu, kwa sababu imewapotezea mafundi wengi siku nzima nzima. Vivinjari vya siku hizi, vinapokutana na mkwaju wa nyuma katika anuani ya picha, huugeuza vyenyewe kuwa mkwaju wa mbele kabla ya kuiomba seva. Hivyo programu iliyoandikiwa picha\2023\ngalawa-014.jpg huweza kuonesha picha vizuri katika skrini, na fundi akaandika katika ripoti yake kuwa kazi imekamilika. Baadaye karani anabonyeza pahala pa kuchapisha leseni, na leseni inatoka bila ya picha. Sababu ni kwamba hati ya kuchapishwa hutengenezwa na seva yenyewe, ambayo huenda moja kwa moja kwenye diski kulitafuta faili wala haipitii katika kivinjari. Linux huuhesabu mkwaju wa nyuma kuwa ni herufi ya kawaida tu inayoweza kuwamo katika jina, na hutafuta faili moja lenye jina refu picha\2023\ngalawa-014.jpg, ambalo halipo. Afisi inayoona picha katika skrini na kuikosa katika karatasi ianze kushuku hapa.

Wakati mwengine faili la namna hiyo huwapo kweli. Baadhi ya programu za kufunga mafaili katika kifurushi cha zip upande wa Windows ziliandika mkwaju wa nyuma ndani ya kifurushi, kinyume na kanuni ya zip inayotaka mkwaju wa mbele. Kifurushi hicho kinapofunguliwa katika Linux kwa chombo kisichosahihisha kosa hilo, folda hazitokei kabisa. Hutokea mafaili mengi yaliyorundikana pahala pamoja, kila moja na mikwaju katika jina lake. Anayeona hali hiyo asianze kuyabadilisha majina moja moja. Akifungue kifurushi upya kwa chombo chengine, au akifunge upya kutoka chanzo.

Inafaa hapa itofautishwe baina ya vitu viwili ambavyo watu wengi, na hata mafundi, huvichanganya. Kuna njia ya faili katika diski na kuna anuani ya faili katika wavuti. Njia ya diski katika Windows huanza na herufi ya diski, mfano C:\inetpub\wwwroot\vyombo\picha, na katika Linux huanza na mkwaju, mfano /var/www/html/vyombo/picha. Anuani ya wavuti haijui diski wala herufi C; inaanzia katika jina la tovuti. Programu iliyoandikwa ndani yake C:\ ili kuonesha picha inaweza kuonesha picha hizo katika kompyuta ya aliyeiandika peke yake, ukurasa ukifunguliwa moja kwa moja kutoka diski, kwa kuwa hapo kivinjari chake kinazisoma katika diski yake mwenyewe. Jirani yake aliye chumba cha pili hazioni, na mara nyingi malalamiko ya jirani huyo hayasadikiwi, kwa sababu fundi akifungua kwake anaziona.

Vilevile kuna anuani inayoanza na mkwaju na isiyoanza na mkwaju. Anuani /picha/ngalawa-014.jpg inahesabiwa kutoka mlango mkuu wa tovuti. Ikiwa katika kompyuta ya mezani programu ilikaa mlangoni, na katika seva imewekwa ndani ya chumba kiitwacho vyombo, basi kila picha itatafutwa mlangoni nayo imo chumbani. Kosa hili halitokani na Linux wala Windows, lakini hujitokeza siku ile ile ya uhamisho na kubebeshwa lawama ya mfumo mpya.

Ama ruhusa, hiyo ni kadhia nyengine. Katika Linux kila faili lina mwenyewe na lina ruhusa za kusomwa, kuandikwa na kutekelezwa. Programu ya kuhudumia wavuti nayo huingia kwa jina lake, ambalo katika Debian na Ubuntu ni www-data, na ikiwa haikuruhusiwa kulisoma faili haitalitoa. Ruhusa za kawaida ni 644 kwa mafaili na 755 kwa folda. Jambo linalosahaulika ni kwamba kila folda iliyoko njiani, kuanzia juu hadi chini, lazima iruhusu kupitwa. Picha ikiwa wazi ndani ya folda iliyofungwa bado haifikiki. Kuna wanaotatua shida hii kwa kutoa ruhusa 777 kwa kila kitu. Huko ni kuacha mlango wa ghala wazi kwa sababu ufunguo umekuwa mgumu, na haifai kufanywa katika seva yenye picha za watu.

Dalili za hitilafu hizi hazifanani, na ndiyo maana fundi hahitaji kubahatisha. Katika kivinjari, kibonyezo cha F12 hufungua ukumbi wa mafundi ambamo kila ombi la picha huorodheshwa pamoja na jibu la seva. Jibu 404 maana yake ni kuwa hakuna faili la jina hilo pahala hapo, basi atazame herufi, mkwaju na folda. Jibu 403 maana yake ni kuwa njia imezuiwa, basi atazame ruhusa. Jibu 200 linaloambatana na picha iliyokatika maana yake ni kuwa seva imeleta kitu kisichokuwa picha, aghlabu ukurasa wa maandishi wa kuomba radhi. Hatua inayofuata ni kuinakili anuani iliyoombwa kama ilivyo, herufi kwa herufi, na kuiweka sambamba na jina linalooneshwa na seva kwa amri ya ls -l. Asiisome kwa haraka. Jicho la mwanaadamu nalo, kama Windows, husamehe.

Kwa upande wa lugha ya Kiswahili kuna jambo dogo la kuzingatiwa. Maneno kama ng'ombe na Ng'ambo yana kibainishi, na kibainishi hicho huandikwa kwa alama mbili tofauti katika kompyuta: ile iliyonyooka na ile iliyopinda ambayo programu za kuchapia barua huiweka zenyewe. Kwa msomaji zote ni moja. Kwa mashine ni herufi mbili, na faili lililopewa jina kwa alama iliyopinda halipatikani kwa alama iliyonyooka, iwe Linux au Windows. Nafasi tupu baina ya maneno nayo hugeuzwa %20 katika anuani, na programu isiyozingatia hilo hulikata jina katikati.

Yote yaliyotajwa mpaka hapa ni usumbufu unaotengenezeka. Hatari yenyewe iko katika safari ya kurudi, yaani kutoka Linux kwenda Windows, na juu ya hiyo watumishi wanaombwa wawe na hadhari kubwa. Linux inaruhusu folda moja iwe na Mkoani-07.jpg na mkoani-07.jpg, picha mbili za vyombo viwili. Zikinakiliwa kwenda Windows, mfumo huo unaziona kuwa ni jina moja, na ya pili huweza kuandikwa juu ya ya kwanza. Hapo picha imepotea kweli. Chombo kimoja kitabaki na picha ya chombo cha mtu mwengine, programu haitatoa onyo lolote, na kosa litagunduliwa siku wenye vyombo watakapofikishana mbele ya sheha wakigombania mashua. Kwa hivyo kabla ya kunakili mafaili kutoka Linux kwenda Windows, fundi aingie katika folda ya picha na atoe amri ifuatayo, ambayo huorodhesha majina yatakayogongana:

find . -type f | tr 'A-Z' 'a-z' | sort | uniq -d

Amri hiyo isipotoa kitu, hakuna mgongano wa herufi za kawaida. Ikitoa hata jina moja, safari isimame mpaka jina hilo litatuliwe kwa kuangaliwa picha zenyewe na daftari. Aidha idadi ya mafaili ihesabiwe kabla na baada ya kunakili, na hesabu mbili hizo ziandikwe katika ripoti. Iangaliwe pia kuwa Windows haikubali nukta mbili wala alama ya kuuliza katika jina la faili, hivyo picha zilizopewa majina ya saa, mfano 10:30.jpg, hazitavuka zikiwa na majina hayo.

Kuhusu tiba, mafundi hawakubaliani wote. Seva ya Apache ina moduli iitwayo mod_speling, ambayo jina lake lenyewe limepungua herufi moja, na kazi yake ni kumsamehe aliyekosea herufi kubwa au ndogo kwa kumwelekeza kwenye faili lililo karibu. Inasaidia siku ya dharura, wananchi wakiwa wamejipanga foleni. Lakini haifai kuachwa iwe ndiyo tengenezo, kwa sababu inafanya kazi katika maombi ya kivinjari tu. Leseni inayochapishwa na seva itaendelea kukosa picha, na makosa mapya yataendelea kuingia bila ya kuonekana.

Tengenezo lenye mizizi ni kuwa na kanuni moja ya majina na kuifuata tangu siku picha inapopokelewa. Jina la faili liwe kwa herufi ndogo, tarakimu na kistari peke yake, bila ya nafasi wala kibainishi, na programu yenyewe ndiyo ilitoe jina hilo kwa kufuata namba ya usajili. Jina alilokuja nalo mwananchi katika simu yake liwekwe katika hifadhidata kama maelezo. Ndani ya hifadhidata iandikwe ngalawa-014.jpg tu. Njia ya folda iwekwe pahala pamoja katika mipangilio ya programu, ili siku ya kuhama ibadilishwe mara moja badala ya kubadilishwa katika mistari elfu. Pale programu inapohitaji kuunganisha folda na jina, fundi atumie vifaa vya lugha anayoandikia, kama pathlib katika Python, asiandike mkwaju kwa mkono wake.

Ikiwa mafaili ya zamani yana majina mchanganyiko, yabadilishwe juu ya nakala, si juu ya asili, na hifadhidata ibadilishwe katika kazi hiyo hiyo. Wanaotumia Git wafahamu kuwa katika Windows, Git kwa mpangilio wake wa kawaida haitilii maanani badiliko la herufi kubwa kuwa ndogo lililofanywa nje yake. Amri ya git mv ndiyo inayoliandikisha. Wengi wamesahihisha majina yote, wakapeleka kazi yao katika seva, na wakakuta majina ya zamani yapo vile vile. Na lililo bora ni kuijaribu programu katika kompyuta ya Linux tangu inapoanza kuandikwa, kabla haijawa na picha za watu.

Mwisho ni wale wanaokaa dirishani, ambao ndio wa mwanzo kuiona hitilafu hii na wa mwanzo kuulizwa. Karani anapoona picha haionekani, aandike namba ya usajili, saa aliyofungua ukurasa, na iwapo picha inakosekana katika skrini, katika karatasi au pote pawili, kisha apeleke maandishi hayo kwa fundi. Mwananchi aambiwe kwamba picha haijaonekana, na asiambiwe kwamba imepotea. Picha mpya isidaiwe kwake mpaka fundi awe amethibitisha kwa maandishi kuwa faili halimo katika seva wala katika nakala ya akiba, na leseni inayosubiri picha hiyo ihesabiwe kuwa imeombwa tangu siku mwananchi alipofika dirishani.